Ruhusa ya Kuingia Chumba cha Mkwe

Kazi yangu ni ile ambayo watu wakiiona inakuja, wanafunga vitu vyao kwenye shuka na kukimbia. Mimi ni kanjo. Kwenye kadi wameniandika kwa heshima, afisa wa utekelezaji wa sheria za kaunti, lakini sijawahi kusikia mtu akinikimbia kwa jina refu namna hiyo. Hata nikienda soko la Daraja Mbili siku ya mapumziko, kule Kisii ambako sina mamlaka ya kumuuliza mtu chochote, wamama wa ndizi wananitambua. Wananiambia natembea kama mtu anayetafuta makosa. Mimi nawaambia nimetafuta ndizi na sijaziona, ni maganda tu yenye matumaini. Basi tunacheka na wananichagulia mkungu mzuri.

Niliomba kazi hii wakati watoto wetu wote walikuwa wameenda shule za bweni na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia jiko likipoa. Tuliitwa mahojiano Nyamira, tukapimwa, tukaulizwa, tukangoja. Baadaye tukapelekwa mafunzo. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mstaafu wa polisi, mfupi, mkali, asiyependa mtu anayetikisa kichwa kabla hajaelewa. Alituambia kadi kwanza, mdomo baadaye. Ukiwa na kadi yako, na ni mchana, na umejitambulisha, unaweza kuingia dukani, hotelini, kichinjioni, kwenye jengo linalojengwa. Unaweza kuuliza, kupima, kupiga picha. Unaweza kumpa mtu ilani asimamishe ujenzi, au arekebishe, au ahame. Akikataa unampeleka kortini, na huko anayeamua ni hakimu, si wewe na kofia yako. Huwezi kumpiga mtu. Huwezi kumwaga nyanya za mtu barabarani. Na nyumba ambayo mtu analala, huingii mpaka mwenyewe akukubalie, ama korti ikupe kibali.

"Nguvu mliyopewa ina mpaka," alisema yule mama. "Msipoujua mpaka wake, nyinyi si maafisa, ni majambazi wenye sare."

Niliyapenda maneno yale. Nilidhani nimeelewa mipaka yote duniani, kwa sababu mimi ni mke wa watu Manga, na mipaka nimeishi nayo tangu nilipoolewa.

Wacha nieleze, maana si kila msomaji ametoka kwetu. Sisi Abagusii tuna heshima moja tunayoiita chinsoni. Ni heshima ya kuoneana haya kati ya wazazi na watoto wao wakubwa, na hasa kati ya mke na baba wa mume wake. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni mkiongea. Jina lake hulitamki, na mimi mpaka leo sijawahi kulitamka. Yeye hakanyagi ndani ya nyumba yako, na wewe hukanyagi ndani ya nyumba yake. Hata mwanawe wa kumzaa, akishatahiriwa, chumba anacholala baba yake hakijui tena. Siku hizi wengi wamelegeza. Utaona mkwe na mke wa mwanawe wamekaa kochi moja wanatazama taarifa ya habari. Mkwe wangu hakulegeza hata uzi mmoja. Alikuwa shemasi kanisani, Msabato wa kweli, mtu ambaye Ijumaa jua likianza kushuka viatu vyake vya Sabato vimeshapigwa rangi na vimekaa mlangoni vikingoja.

Lakini alikuwa mcheshi, na mcheshi hakosi njia. Alikuwa akiongea nami kupitia ng'ombe. Asubuhi nikipita kumpelekea uji, naweka bakuli kwenye kigoda nje ya mlango wake, narudi nyuma mpaka kwenye migomba, naye anakohoa ili nijue anatoka. Halafu anamgeukia ng'ombe wake zizini. "Wewe," anamwambia, "hebu muulize huyo askari leo anaenda kumfunga nani." Na mimi namjibu ng'ombe. Namwambia nitaanza na wenye zizi chafu. Mzee anacheka akiwa amenipa mgongo, mabega yanatikisika. Nilimpenda sana yule mzee. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na kama kuna mtu aliyenilea nikiwa tayari mtu mzima, ni yeye, kwa mgongo wake.

Mama mkwe aliaga miaka kadhaa baada ya mimi kupata kazi. Tulimzika pale pale bomani, upande wa kushoto wa nyumba yao, kama inavyotakiwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya matofali mabichi iliyopigwa plasta, vyumba viwili na sebule, imekaa ukingoni mwa mteremko ambapo shamba la chai linaanza kushuka. Mama alipokuwa hai aliingia na kutoka vyumba vyote na aliona kila kitu. Alipoondoka, chumba kile cha kulala kikabaki bila mtu wa kukiona. Mtoto wa kiume haingii. Mke wa mtoto ndiyo kabisa, hata sebuleni haruhusiwi. Mabinti wameolewa mbali. Wajukuu wanaruhusiwa, maana mjukuu na babu ni marafiki hawaoneani haya, lakini wajukuu walikuwa shule, na likizo wanalala kwenye saiga yao, kile kibanda cha vijana, na simu zao. Sisi sote tulikuwa watu wenye adabu. Nikikumbuka sasa naona adabu yetu ilikuwa karibu imuue.

Ile mvua ya masika ilikuwa ya kukasirisha. Ilinyesha mpaka michai ikawa inateleza mkononi. Asubuhi moja nikiweka bakuli la uji kwenye kigoda, nikasikia mlango wa mzee ukikwaruza sakafu alipoufungua. Mlango ule haukuwahi kukwaruza. Mtu mwingine angesema mbao imevimba kwa maji. Mimi kazi yangu ni majengo, nimeshasikia milango mingi, na nikashuku nyumba yenyewe imesogea. Alipomaliza uji na kurudi ndani, nikavaa gambuti nikazunguka nyuma. Ukuta wa chumba chake hukuweza kuuona. Alikuwa ameupangia kuni kutoka chini mpaka kwenye paa, vizuri, kama mtu anayemfunika mtoto. Ila chini, kati ya michai, kulikuwa na mstari kwenye udongo. Niliufuata. Ulianzia kule kwenye mteremko ukaja moja kwa moja mpaka kwenye zile kuni, na mahali pengine kiatu changu kiliingia.

Nilijua nimeona nini. Nusu ya nyumba ile ilikuwa inajiandaa kwenda bondeni, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na kitanda.

Ofisini nilisema ukweli, kwamba ni nyumbani kwangu, na haifai mimi mwenyewe kuandika ilani ya nyumba ya mkwe wangu. Mkubwa wangu alimtuma mwenzangu, kijana mmoja mtaratibu wa kutoka upande wa Borabu, na mimi nikabaki ng'ambo ya ua nikijifanya naanua nguo. Alijitambulisha vizuri, kadi mkononi. Mzee alimkaribisha sebuleni, akampa kiti, akamuuliza ukoo wake, akamwombea baraka kazini. Kijana alipoomba kuona chumba cha ndani, mzee akasema chumba ni kizima, na nyumba anayolala mtu si soko. Akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote na akarudi akafunga mlango.

"Madam, amekataa," mwenzangu aliniambia huku akijikuna shingo. "Na ana haki. Twende tuombe kibali kortini."

Alikuwa sawa, na tuliomba. Lakini kibali kinachukua muda wake, na mvua haikuwa ikingoja hakimu. Mume wangu ni mwalimu kule Kenyenya, anarudi nyumbani wikendi. Nilimpigia simu aje siku hiyo hiyo, na akaja, boda ikamwacha chini ya kilima akapanda kwa miguu akiwa amelowa chapachapa. Alimweleza baba yake. Alimsihi. Nikiwa kwenye migomba, kupitia mlango wa sebule uliokuwa wazi, nilimwona mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, amesimama kwenye mlango wa kile chumba ambao baba yake ameuziba kwa mwili wake. Hakuweza kumsukuma baba yake, na hakuweza kupita. Alitoka akakaa kwenye jiwe akashika kichwa.

"Siwezi," aliniambia. "Nikiingia pale kwa nguvu, nitamwangaliaje tena?"

Hapo nikapandwa na hasira. Mimi nina hasira za karibu, mume wangu anazijua. "Kwa hiyo tufanye nini, Mwalimu? Tungoje tumchimbue kwenye matope ndiyo tumwangalie vizuri? Tumzike kwa heshima?"

Aligeuza uso. Nami nikajutia sauti yangu, kwa maana alikuwa analia, na mvua ndiyo iliyokuwa ikimsitiri. Nilimpa leso yangu. Halafu nikaingia nyumbani kwangu nikavaa sare.

Mpaka leo sijui nilikuwa nafikiri nini nikifunga vile vifungo. Mimi ndiye mtu wa mwisho katika ukoo mzima aliyefaa kukaribia chumba kile. Mkubwa wangu alishaniambia nisiishughulikie kesi hii. Lakini niliwaza hivi: kwa mila, mke wa mwanawe haingii, na mwanawe haingii. Afisa wa kaunti hakutajwa na mila, kwa sababu wakati mila zinatungwa hakukuwa na kaunti. Na kwa sheria, afisa haingii bila kukubaliwa. Basi anayeweza kufungua njia ni mzee mwenyewe, na pengine alichokikosa ni mtu wa kumwomba kwa namna ambayo angeweza kukubali.

Nilienda mpaka mbele ya kigoda. Sikurudi nyuma kwenye migomba. Nilikazia macho kizingiti, nikasema kwa sauti ya kazi, ile ninayotumia kwa wenye maghorofa.

"Mzee, jioni njema. Mimi ni afisa wa kaunti ya Nyamira. Naomba ruhusa nikague chumba cha nyuma cha nyumba hii, kwa sababu nina sababu ya kuamini kinahatarisha maisha ya anayelala humo. Una haki ya kukataa. Ukikataa nitasimama hapa hapa nje usiku kucha, na ukuta ukianguka utaanguka nikiwa nausikia."

Hayo ya mwisho hayako kwenye mafunzo.

Mvua ilipiga bati. Nilifikiri nimemvunjia heshima kiasi kwamba hatanijibu tena, wala kupitia ng'ombe wala kupitia nini. Halafu nikasikia sauti yake, nyembamba kuliko nilivyoizoea.

"Afisa ana kadi?"

Nikaitoa. Singeweza kumpa mkononi, kwa hiyo niliiweka kwenye kigoda nikarudi nyuma. Mkono wake ulitoka mlangoni ukaichukua. Nilimwona akivaa miwani. Aliisoma kadi ile kama anavyosoma somo la Sabato, mstari kwa mstari, akageuza nyuma, akasoma na huko. Alitazama picha yangu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kuutazama uso wangu sawasawa. Kisha akairudisha kwenye kigoda, akavaa koti lake la mvua, akachukua fimbo yake, akatoka. Alinipita kwa mbali. Alishuka mpaka mwanzo wa shamba la majirani, upande ulio salama, akasimama katikati ya chai akiwa ameipa nyumba mgongo. Mlango alikuwa ameuacha wazi.

Niliingia. Nilivua gambuti kwanza, sijui kwa nini. Nilipita sebuleni macho yakiwa sakafuni, nikasukuma mlango wa chumba.

Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha la nyuma ukashuka mpaka chini, na chini ulikuwa mpana wa kuingiza mkono. Mzee alikuwa ameuziba kwa nguo. Nilipoinama na tochi nikazitambua. Ilikuwa leso ya mama mkwe, ile ya rangi ya machungwa, na gauni lake la kwaya, na sweta ambayo nilimfumia mimi mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimeshikana na ukuta ule ule. Kilikuwa na mito miwili. Mmoja ulikuwa umebonyea, na wa pili, wa upande wa ukutani, ulikuwa umevishwa foronya safi iliyopigwa pasi. Dirisha la pili, la upande wa kushoto, linatazama kaburi.

Basi nikaelewa. Alijua kila kitu. Alijua kuhusu ufa kabla yetu sote, na alikuwa ameamua kuuziba kwa nguo za mkewe na kulala hapo, kwa sababu ndipo alipokuwa amelala naye maisha yake yote. Nikakaa chini kwenye sakafu ya chumba ambacho sikupaswa kukiona na nikalia kama mtoto. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya sisi sote tuliokuwa tukimpelekea uji mlangoni na hatujui anaganda na upepo.

Nilipiga picha za ukuta. Nilipima. Nilitoka nikavaa gambuti nikashuka mpaka mahali ambapo angenisikia, nami nikampa mgongo.

"Mzee, chumba hakilaliki tena. Itabidi uhame leo. Saiga ya wajukuu wako ni kavu, na huko hakuna haya ya mtu yeyote."

Niliposikia sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeaibika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi ya ufa.

"Kwa hiyo umeona," alisema. Hakumwambia ng'ombe. Alinisemesha mimi.

"Nimeona ukuta, baba," nilimwambia. "Kadi inaniruhusu kuona ukuta. Kitu kingine hakikuwa kwenye kazi yangu, na sikukiona."

Halafu akasema, "Asante, mwanangu."

Alihamia saiga jioni ile ile, mume wangu akibeba godoro. Nilimwambia Mwalimu achukue mito yote miwili, na asiulize. Zile nguo nilizitoa mimi mwenyewe kwenye ufa kabla giza halijaingia, nikazifua, nikaziacha mlangoni pake zikiwa zimekunjwa. Mkubwa wangu alinigombeza, tena vizuri, na ilani ikaandikwa na kusainiwa na mwenzangu wa Borabu kama ilivyotakiwa. Wiki hiyo haikuisha kabla ukuta haujaondoka. Ilikuwa asubuhi, tukiwa tunachuma chai. Haukupiga kelele nyingi. Kitanda kilikwenda nao mpaka chini kabisa, na tulikikuta kimekunjika kati ya michai. Mzee alikitazama, akavua kofia.

Majirani walikuja kwa zamu, wengine na matofali, wengine na mikono tu, na kabla ya mavuno ya mahindi mzee alikuwa na nyumba mpya upande wa juu. Chumba cha kulala kina dirisha linalotazama kaburi. Hilo aliliomba mwenyewe, na fundi hakumuuliza sababu.

Nilidhani yameishia hapo, kwamba tumerudi kila mtu upande wake wa mpaka. Lakini mvua ya vuli ilipoanza, mume wangu aliniambia baba yake ana ujumbe. Nikauliza ni upi. Akasema, "Anauliza kama afisa wa kaunti anaweza kuja kukagua chumba. Eti mvua imeanza."

Nyumba ni mpya. Msingi niliuona ukimwagwa. Nilivaa sare hata hivyo, nikaiweka kadi kwenye kigoda, naye akaisoma mstari kwa mstari, akairudisha, akatoka kwenda kusimama kwenye chai akiwa amenipa mgongo. Mlango ukawa wazi. Chumbani kulikuwa na vumbi, mashuka yalihitaji kubadilishwa, na kikombe cha dawa ya kikohozi kilikuwa chini ya kitanda. Ukuta haukuwa na hata alama ya kucha.

Tangu hapo ananiita kila mvua inapoanza, na siku hizi hata kukiwa na mawingu tu. Mimi naingia, nafungua dirisha, nafagia, natandika kitanda, navisha ule mto wa pili foronya safi. Halafu natoka namwambia kwa sauti ya kazi kwamba chumba kiko salama, naye anajibu, bila kugeuka, kwamba anashukuru serikali.